Vita Vyangu vya Nyasi, Kanamkemer

Jumamosi, 9 Machi 2013

Nchi nzima leo imeganda kwenye redio ikisubiri matokeo ya kura. Mimi nimeganda dirishani nikisikiliza mpira wa maji wa Wandera. Chwaaa. Chwaaa. Anamwagilia nyasi zake huku akipiga mluzi wimbo wa kanisani. Mtu gani hupiga mluzi katika joto hili? Mtu mwenye nyasi!

Niandike wazi. Nina nyumba yangu mwenyewe hapa Kanamkemer, nje kidogo ya Lodwar. Si ya serikali. Nimeijenga kwa jasho langu: vyumba vitatu, bati jekundu, tangi la maji. Na mbele yake uwanja wa mchanga ambao kuku akipita, vumbi linaingia hadi kitandani. Wandera, afisa wa kilimo, mtu wa Busia, amejenga nyumba kama yangu, bati kama langu, na mbele yake kuna nyasi. Kijani kibichi! Katika Turkana! Mtu huyu ananikera kuliko jua.

Mke wangu Sally ni nesi kule Kericho. Tangu nihamie huku hajakubali kunifuata. Mwaka wa kwanza alisema hawezi kumlea Chepchumba, binti yetu, vumbini. Mwezi Desemba nikachoka kubembeleza. Nikamwambia nimepanda nyasi. Akacheka. Nikapanda juu ya tangi, nikangoja Wandera aingie ndani, nikapiga picha uwanja wake, nikamtumia. Akaacha kucheka.

Leo amepiga simu. Amepewa nafasi ya kuhamia hospitali za huku, na ni lazima ajibu kabla Aprili haijaisha. Kwa hiyo shule zikifungwa atakuja na mtoto waone. Wakipapenda, tutakaa pamoja. Wasipopapenda, nitabaki kuwa mume wa kwenye simu. Nikasema njooni, nyasi zinawasubiri. Nikakata simu, nikapiga teke ndoo. Ndoo ilikuwa imejaa.

Jumatano, 13 Machi 2013

Wandera ameniita kwenye ua. Eti amesikia familia inakuja. Eti anaweza kunipa vipando vya nyasi zake, bure, nichukue nitakavyo.

Bure! Ili kila nikikanyaga uwanja wangu nikumbuke ni wa Wandera! Ili Jumapili awaambie waumini wote kwamba jirani yangu yule nilimsaidia! Nikamwambia asante, nina mipango yangu. Sikuwa na mipango yoyote. Nimeenda ofisini na hasira, na kufikia saa nne nikapata mpango. Dereva mmoja anasema kuna Mkongo katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma anayeotesha nyasi nzito kama blanketi. Nitakwenda Jumamosi. Wandera ataona.

Jumamosi, 16 Machi 2013

Kakuma! Mkongo huyo anaitwa Anatole. Nyuma ya nyumba yake maji yote ya kuogea ya mtaa mzima yanaishia kwenye bustani moja, na pale kuna nyasi za kumfanya mtu alie. Nilivua viatu. Nilitembea juu yake mbele ya watu.

Anatole akaniambia, "Papa, hii majani iko na nguvu sana. Lakini inapenda maji asubui na mangaribi. Ukiisahau siku moja, inakasirika." Nikamjibu kwamba mimi ni karani katika ofisi ya maji. Akainua mikono juu akamshukuru Mungu kwa niaba yangu. Sikumwambia kwamba bomba la ofisi ya maji hukauka sawa na la watu wengine.

Nikapewa gunia zima la vipando, mizizi ikiwa na unyevu. Wakalipakia nyuma ya pikapu ya abiria. Mimi nikakaa mbele kama mtu mwenye nyasi. Tulipofika Lodwar nikafungua turubai nyuma. Mbuzi sita! Walikuwa wamepakiwa njiani nikiwa nimesinzia. Nusu ya uwanja wangu ilikuwa tumboni mwao. Nilipiga kelele stendi nzima ikakusanyika. Dereva akaniuliza kama nilitegemea mbuzi waone majani njia yote hiyo wayasalimie tu.

Watu wakacheka. Kila mtu katika mji huu anacheka.

Jumapili, 17 Machi 2013

Sikwenda kanisani. Nimepanda vipando vilivyobaki, mstari kwa mstari, nikiacha nafasi kubwa. Mungu ataelewa. Mgongo hauelewi.

Saa tano akapita Nawoi, mama mwenye mbuzi wengi ng'ambo ya laga, ule mto mkavu unaojaa siku ya mvua tu. Tukasalimiana ejok, ejok-noi, akaegemea ua. Akauliza mbuzi wangu wako wapi. Nikasema sina mbuzi. Akatazama mistari yangu. "Sasa hii majani ni ya nani?" Nikamweleza kwa upole kwamba si ya mnyama, ni ya kutazama. Akauliza ikikua itakuwaje. Nikasema nitaikata. "Utakata upatie nani?" Nikasema hakuna, nitaitupa.

Mama huyu alikaa chini. Alicheka mpaka shanga za shingoni zikagonganagongana. Kisha akawaita wenzake watatu waliokuwa wakipita na kuni, akawaeleza kwa Kiturkana, nao wakaweka kuni chini ili wacheke vizuri. Nimesimama pale na jembe kama mtu aliyetoka nje bila suruali. Nina diploma!

Jumatano, 20 Machi 2013

Mpango wa maji. Kila mchana, wenzangu wakienda kula, najaza mitungi kwenye bomba la ofisi, pikipiki inaibeba, mimi nafuata. Siku mbili imeenda vizuri. Leo imenigeukia.

Mkubwa wetu ofisini ni Madam Ajwang. Leo alikuwa na wageni kutoka Nairobi waliokuja kuzungumzia uhaba wa maji. Mmoja akaenda chooni. Akatoka na mikono yenye sabuni, akauliza kwa adabu kama kuna maji. Hakukuwa na tone. Ajwang akafuata mstari wa matone kutoka kwenye tangi hadi getini, akanikuta nikifunga mtungi wa mwisho kwenye pikipiki.

Alinisema kwa Kiingereza. Ajwang akiwa na furaha huongea Kiswahili, akiwa na haraka huchanganya, na akihamia Kiingereza kitupu ujue umekwisha. Nimeambiwa nikionekana tena na mtungi nitapelekwa Lowarengak nikahesabu visima. Moyoni nilikuwa nikipiga kelele. Watu wawili tu katika ofisi zote za serikali wanajali kijani katika wilaya hii, na mmoja wao ni yule Wandera, naye ni wa ofisi nyingine!

Jumapili, 24 Machi 2013

Jumapili ya Matawi. Wandera na mkewe wameondoka na matawi yao, wamevaa nyeupe. Mimi nikatoa sururu.

Nimewaza hivi. Wandera humwaga maji mengi. Maji mengine lazima yapotee. Kwa nini yapotee, na mimi niko hapa? Nikachimba mfereji mdogo chini ya ua, kutoka kwake hadi kwangu, nikaufunika kwa mawe na mchanga ili usionekane. Maji yake ya ziada yatakuja yenyewe kunywesha nyasi zangu. Simwibii. Yanakuja kwa hiari.

Nimemaliza kabla hawajarudi. Aliporudi akanipungia tawi. Nikampungia sururu bila kufikiri. Bahati nzuri ni mtu asiyeuliza maswali, ni wa kutabasamu tu. Tabasamu lile lingefaa kupigwa marufuku na sheria.

Jumanne, 26 Machi 2013

Laana! Laana!

Mteremko unaelekea kwake. Kila tone ninalomwaga kutoka kwenye tangi langu, maji niliyoyanunua, yanapita chini ya ua na kwenda kwa Wandera. Upande wake kando ya ua nyasi zimefika kifundo cha mguu. Upande wangu vipando vimejikunja kama masharubu ya mzee. Karani wa ofisi ya maji, miaka kumi na moja kazini, hajui maji yanakwenda upande gani!

Na haikuishia hapo. Jioni kwenye ibada ya jumuiya, mbele ya watu wote, Wandera akasimama kutoa ushuhuda. Kwamba wiki hii ya mateso ya Bwana, jirani yake Kipngeno amemchimbia mfereji kwa siri ili amgawie maji. Kwamba yeye na mkewe waliona, wakalia. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akanikumbatia. Ningesema nini? Nikasema ni wajibu wetu kama Wakristo. Nimerudi nyumbani nikaziba mfereji kwa mawe na matusi.

Alhamisi, 28 Machi 2013

Nyasi za Anatole zimekufa. Zote. Nimezivuta moja baada ya nyingine, zinatoka bila ubishi.

Wandera ameona. Amekuja kwenye ua na sura ya mazishi. Anasema udongo wangu hauna chakula, naweza kuutia mbolea na kujaribu tena kabla ya mvua. Lakini nisiguse samadi mbichi ya mbuzi kutoka kwenye zizi. Eti mbuzi wa huku wanakula maganda ya mathenge, ule mti wa miiba uliojaa kingo zote za mto, na mbegu zake hazifi tumboni, zinatoka zikiwa na hamu ya kuota. Eti ana samadi yake iliyooza vizuri, anipe.

Anipe! Tena! Nimesimama pale nikamsikiliza hadi mwisho, na damu ikichemka. Kericho tumeweka samadi shambani tangu babu yangu, na babu yangu hakuwa na afisa wa kilimo wa kumfundisha. Najua kinachomsumbua. Ameona nina nia. Ameogopa. Mtu hakukatazi kitu kibaya kwa uchungu namna ile, hukukataza kitu kizuri.

Nimekwenda moja kwa moja kwa Nawoi. Nimeagiza samadi ya zizi. Mbichi. Mara mbili ya kiasi kinachohitajika.

Jumapili, 31 Machi 2013

Pasaka. Bwana amefufuka, na uwanja wangu umevaa samadi kuanzia mlangoni hadi getini, kina cha kidole. Punda wa Nawoi walileta tangu jana. Nawoi mwenyewe alisimamia, akifurahi kuliko siku ya nyasi. Alisema kwa miaka yote amekuwa akitafuta mtu wa kumsafishia zizi, hakujua kwamba mtu huyo ndiye atakayemlipa.

Wandera alipita akienda kanisani. Alisimama. Alifungua mdomo. Akafunga. Akaenda. Nimeshinda raundi hii.

Nzi ni wengi.

Ijumaa, 5 Aprili 2013

MVUA! Mvua ya kweli, ya kugonga bati mpaka usisikie redio! Laga imejaa, magari yamekwama ng'ambo zote mbili, Ajwang hakufika ofisini. Nimetoka nje na bukta nikasimama kwenye samadi yangu na mikono juu. Nimemwita Wandera kwa sauti aje aone nani ana maji leo. Hakusikia.

Nimempigia Sally. Nimemwambia nyasi zinakunywa. Alitaka kuniambia kitu kuhusu Chepchumba lakini mvua ilikuwa kubwa, nikamwambia asubiri, nikaendelea kumweleza kuhusu mfereji.

Alhamisi, 11 Aprili 2013

Kijani.

Nimeamka, nimefungua mlango, na uwanja wote una rangi. Nimepiga magoti. Vijani vidogo, laini, viwili viwili kama manyoya ya kifaranga, kila mahali, vimebanana! Si nyasi kama zile za Wandera za kizamani zilizonyooka. Hizi zina majani ya kupendeza, yamegawanyika. Nafikiri ni mizizi ya Anatole imefufuka na kwa sababu ni za Kongo zina umbo lake. Hata Pasaka imenifundisha kutokata tamaa.

Wandera ametazama kwa muda mrefu juu ya ua. Akaanza, "Jirani, hizo si..." Nikamkatiza. Nikamwambia wivu ni dhambi. Nikaingia ndani nikacheka peke yangu hadi nikakohoa.

Alhamisi, 18 Aprili 2013

Zimepanda haraka mno. Zimefika gotini wiki moja! Nyasi gani hizi! Nimenunua fyekeo jipya nikazikata zote, sawasawa, mpaka mkono ukachubuka. Kila shina nililokata limeshaanza kutoa matawi matatu. Sijawahi kuona kitu kinachopenda kukatwa namna hii.

Nimejichoma vidole mara kadhaa. Ni vijiti vya zizi tu.

Nawoi akapita, akatazama, safari hii hakucheka. Akaniuliza kama nimefanya hivyo makusudi. Nikasema makusudi kabisa. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa, akafukuza mbuzi wake mbele.

Jumatano, 24 Aprili 2013

Wamefika! Magari yalingoja polisi wa kuyasindikiza pale Kainuk tangu asubuhi, kwa hofu ya majambazi, wakaingia Lodwar jioni wamechoka, vumbi hadi kwenye kope. Nimewapokea stendi. Sally amekonda kidogo. Chepchumba amekuwa mrefu, na anaongea kwa kithembe, sijui kwa nini. Sikuwa na muda wa kuuliza. Nilitaka wafike kabla giza halijaingia waone.

Tukafika getini. Kijani kila mahali! Nikafungua geti kama mtu anayezindua hospitali. Sally akasimama. Akasema, "Kumbe." Neno moja tu, lakini nililisikia hadi kisigino. Nikamwambia Chepchumba avue viatu. Nikamwambia mtoto wa Kericho hakanyagi nyasi na viatu. Akavua. Akakimbia.

Hakufika mbali.

Sitaandika kilio kile. Mwiba ulizama kisiginoni, mwingine katikati ya wayo, na mguu ukaanza kuvimba tukiutazama. Nikaruka kumchukua, nami sina viatu. Tukawa wawili pale katikati, hakuna wa kwenda mbele wala nyuma. Aliyetutoa ni Wandera. Aliruka ua na buti zake za shambani, akambeba mtoto begani na mimi akanishika mkono kama bibi harusi. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba huo ni mathenge, kiwanja kizima ni mathenge, alitaka kuniambia.

Alitaka kuniambia! Si angesema kwa nguvu!

Alhamisi, 25 Aprili 2013

Sally alitoa miiba kwa sindano. Mtoto amelala mguu ukiwa juu ya mto. Sally anatembea ndani ya nyumba bila kusema. Ameona nyasi za Wandera dirishani. Alizitazama, akatoa simu, akatafuta picha, akatazama tena nje. Akairudisha simu mfukoni. Ningependa angenitukana. Hasira yake ningeiweza, nina yangu ya kutosha ya kuijibu.

Jioni alikwenda kukaa kwa mke wa Wandera, juu ya zile nyasi. Nilimwona akicheka.

Jumamosi, 27 Aprili 2013

Leo amesema. Tulikaa jikoni, mtoto akichora.

Akaanza kwa kusema amekubali uhamisho. Nikaruka! Nikaangusha kiti! Nikasema nilijua! Akaningoja nimalize. Akasema ni Kakuma. Ataanza kazi wiki ijayo katika hospitali moja ya kule, atakaa na Chepchumba kwenye nyumba ya manesi.

Nikamwambia Kakuma ina vumbi kuliko hapa. Akasema anajua, aliuliza. Nikamwambia hakuna nyasi. Akasema, "Baba Chepchumba, vumbi nililisema mwaka wa kwanza tu. Vumbi ningelizoea." Kisha akaniambia polepole, bila hasira, na hapo ndipo nilipoogopa. Kwamba kila jioni nimepiga simu nikaongea kuhusu mpira wa maji, mteremko, samadi na Wandera. Kwamba Chepchumba alianguka shuleni mwezi wa tatu akang'oka meno mawili ya mbele, yeye Sally alijaribu kuniambia mara mbili, na hadi leo niko naye chumba kimoja sijaona. Kwamba mtoto alimwuliza kama baba anafuga ng'ombe, maana kila siku anazungumzia majani.

Nikamtazama Chepchumba. Akanitabasamia. Ni kweli, hana meno.

Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Kulikuwa na upepo na mathenge yalikuwa yakitingishika, yamestawi vizuri sana, lazima niseme.

Jumatatu, 29 Aprili 2013

Wamekwenda. Wandera amewapeleka stendi kwa pikapu yake, kwa kuwa mguu wa mtoto bado hauvai kiatu. Amewabebea mizigo. Amempa Chepchumba kifurushi cha karanga. Nilipanda nyuma na mabegi, katika familia yangu mwenyewe! Gari la Kakuma lilipoondoka Sally alinipungia mkono, kidogo tu. Wandera akaniwekea mkono begani. Niliuondoa.

Jumanne, 30 Aprili 2013

Sijaenda ofisini. Nimekaa siku nzima nikiyapitia maneno ya Sally, moja baada ya jingine, bila hasira, kama mtu mzima. Kuhusu vumbi. Kuhusu Chepchumba. Kuhusu mambo niliyoshindwa kuyaona. Mwanamke hasemi maneno mazito namna ile bila kuwa na maana ndani yake, na ni kazi ya mume kuitafuta.

Nimeipata. Imenijia saa tisa mchana ghafla, nikasimama.

Si nyasi anazotaka. Ni maua!

Ni wazi kabisa! Amesema nyasi hazikuwa na maana kwake, kwa kinywa chake. Na mtoto alikuwa akichora nini pale mezani? Maua! Mekundu! Na nyumba ya manesi Kakuma itakuwa na uwanja, na uwanja huo utakuwa mtupu, na Wandera hana hata ua moja. Hata moja! Nimetoka nje nikahakikisha. Nimeshapiga simu kwa Anatole. Anaweza kunipatia miche wiki hii. Nitaenda Jumamosi nipande kabla hawajazoea kuishi bila hayo.

Jioni nikapiga simu Kakuma. Alipokea Chepchumba. Alianza kunieleza jambo refu kuhusu mguu wake na rafiki mpya. Nikamwambia sawa, sawa, ampe mama simu haraka, ni habari ya maua.